Samaki anapotelea kwenye fundo: namna ya kufunga ndoano ili isikuachie



Kila mara tunaongea hapa mihogo, mpunga, karanga na mabwawa ya samaki. Leo tunaongea kitu kidogo kinachoingia ndani ya mfuko wa shati: ndoano na uzi wake. Sababu ni hii: katika vikao vya Lusangi, na vya upande wa Kasongo na Kabambare, lalamiko moja linarudi kila siku. «Agronomu, ndoano za siku hizi ni mbaya. Samaki mkubwa anashika, unavuta, unabaki na uzi mtupu mukononi.»

Niliomba wavuvi waniletee zile nyuzi tupu. Nikaziangalia moja moja. Kama uzi umekatika, ncha yake inakuwa imekatwa wazi au imechanika. Lakini nyuzi nyingi hazikuwa hivyo. Ncha ilikuwa imejikunja-kunja, kama zile kamba ndogo za boga zinazojizungusha kwenye fito. Hiyo ni alama ya fundo lililoteleza na kufunguka. Uzi haukukatika, ndoano haikuvunjika. Fundo ndilo liliachia.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu ndoano ya sokoni, tuangalie mikono yetu. Na musidhani ni jambo dogo. Mama mmoja wa koperative aliniambia hivi: «Samaki mmoja mkubwa kwa juma, ndiye minervali ya mtoto wangu.» Akipotea kwenye fundo, si samaki peke yake anayepotea.

KARPE GANI?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sokoni kwetu, mtu akisema «karpe», mara nyingi anataka kusema tilapia. Karpe wa kweli ni samaki wa Asia na Ulaya. Hata Afrika wamemuleta sehemu fulani: kule Kenya, katika ziwa Naivasha, alipata kuwa samaki anayevuliwa zaidi. Sisi tuko na ndugu zake wa jamaa moja katika mito yetu, Luama na Lualaba: barbus na Labeo. Majina ya kienyeji yanabadilika kijiji kwa kijiji, lakini munawajua: magamba makubwa, mdomo laini usiokuwa na meno.

Nasema hivi kwa sababu mdomo wa samaki ndio unachagua fundo. Ngolo anameza chambo chote, na ndoano pamoja. Tilapia anaonja kidogo kidogo. Barbus, sawa na karpe, anafyonza chambo chini ya maji, na akisikia kitu kigumu anakitema mara moja. Labeo yeye analamba matope na uchafu wa kijani juu ya mawe, ndiyo maana anakamatwa zaidi kwa wavu kuliko kwa ndoano.

KWA NINI FUNDO LINAACHIA

Sababu ziko tatu.

Ya kwanza: kila fundo linapunguza nguvu ya uzi. Lile fundo la kawaida, la kufunga mfuko wa chumvi, linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu ya nailoni. Uzi wa kilo kumi unabaki kama uzi wa kilo tano, na wewe haujui.

Ya pili: nailoni ikikazwa kavu inajisugua, inapata moto, inaungua ndani. Kwa macho hauoni kitu. Hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Siku moja ya mafunzo kandokando ya maji, nilisimama mbele ya watu na karatasi yangu ya shule. Nikafunga haraka, nikakaza kavu, nikavuta ili kuonyesha nguvu. Fundo likaachia mbele ya wote. Watu wakacheka. Mzee mmoja Mgenya akachukua uzi, akafunga polepole, akaweka fundo ndani ya kinywa kabla ya kukaza. Akaniambia: «Mtoto wangu, uzi nao unasikia kiu.» Kitabu kinasema msuguano na joto, mzee anasema kiu. Ni jambo moja. Tangu siku ile sikazi fundo bila mate au maji.

Ya tatu: uzi wenyewe umezeeka. Jua linaua nailoni. Uzi unaolala juu ya paa au ndani ya mtumbwi kila siku unakuwa mweupe na mkavu. Huo hata fundo zuri haliwezi kuuponya.

FUNDO LA KWANZA: NDOANO YENYE TUNDU

Hili ni la kila siku, kwa tilapia na ngolo.

1. Pitisha ncha ya uzi ndani ya tundu la ndoano, uvute urefu wa kiganja kimoja.
2. Zungusha ncha hiyo juu ya uzi mkubwa mara tano. Kama uzi ni mwembamba sana, mara sita.
3. Rudisha ncha ndani ya kitanzi kidogo kilicho karibu kabisa na tundu.
4. Sasa umetengeneza kitanzi kingine kikubwa. Pitisha ncha ndani yake pia. Wengi wanasahau hatua hii, na ndiyo inayozuia kuteleza.
5. Lowesha kwa mate. Vuta uzi mkubwa polepole mpaka mizunguko ilale moja kando ya nyingine, bila kupandana.
6. Kata ncha, lakini acha kidogo, kama unene wa punje ya mchele. Usikate mpaka kwenye fundo.

Mizunguko ikipandana, musikaze kwa nguvu mukisema «itashika tu». Fungua, uanze upya.

FUNDO LA PILI: NDOANO ISIYO NA TUNDU

Ndoano nyingi za bei rahisi hazina tundu. Juu ziko na kichwa bapa kama koleo ndogo. Watu wanafunga fundo la kawaida chini ya kichwa, na ndio hao wanaolia zaidi. Fanyeni hivi:

1. Shika ndoano, kichwa bapa kikiwa juu. Laza uzi kandokando ya mguu wa ndoano, kutoka kichwani mpaka karibu na pale inapopinda. Hapo ukunje uzi, urudi juu. Sasa kitanzi kiko chini, na ncha yako iko juu.
2. Kwa vidole viwili bana kila kitu pamoja: mguu wa ndoano na nyuzi mbili.
3. Chukua ncha, uzungushe mguu na nyuzi zote mbili, ukianza karibu na kichwa na kushuka chini. Mizunguko saba, yote ikilala vizuri.
4. Pitisha ncha ndani ya kile kitanzi cha chini.
5. Lowesha, kisha vuta uzi mkubwa polepole. Kitanzi kitajifunga na kubana ncha. Sukuma mizunguko ikae chini ya kichwa bapa, kisha ukaze pande zote mbili.

Uangalie jambo moja: uzi mkubwa utoke upande wa mbele, ule unaotazamana na ncha kali ya ndoano. Ukitokea nyuma, unasuguliwa na kile kichwa bapa mpaka unakatika.

FUNDO LA TATU: KWA SAMAKI ANAYETEMA

Hili ni la barbus. Wazo lake lilianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa wavuvi wa karpe. Waliona kwamba karpe anafyonza chambo na kukitema kabla mvuvi hajavuta. Wakafikiri: tuache ndoano iwe mtupu, na chambo kining'inie kando yake kwa kipande kidogo cha uzi. Samaki anafyonza vyote viwili. Akitaka kutema, ndoano iliyo wazi inamshika mdomo.

Hapa munahitaji ndoano yenye tundu.

1. Kwenye ncha ya uzi tengeneza kitanzi kidogo cha kushikia chambo.
2. Pitisha ncha nyingine, ile ndefu, ndani ya tundu kutoka nyuma ya ndoano kuelekea mbele. Vuta mpaka kile kitanzi kining'inie chini ya ndoano, urefu wa kucha ya kidole gumba.
3. Bana uzi wa kitanzi kwenye mguu wa ndoano. Kwa uzi mrefu zungusha mguu na uzi huo mara saba au nane, ukishuka chini.
4. Rudisha uzi mrefu ndani ya tundu, tena kutoka nyuma kuelekea mbele. Lowesha, kaza. Imekwisha.

Kwa chambo, chemsha punje za mahindi zilizolala ndani ya maji usiku mzima. Toboa punje moja au mbili kwa sindano, vuta kitanzi kipite katikati, kisha weka kipande cha jani kavu ndani ya kitanzi ili mahindi yasitoke.

KAMBA YA NDOANO NYINGI

Wale wanaotega usiku, wasikilize hapa. Nyuzi ndogo zinazobeba ndoano zinajifunga pamoja kwa sababu ni ndefu kuliko nafasi iliyo kati yao. Kanuni ni rahisi: urefu wa uzi mdogo usifike nusu ya nafasi. Kama uzi mdogo ni sentimita 50, weka mita moja na nusu kati ya ndoano na ndoano.

Kamba kubwa iwe na nguvu zaidi ya nyuzi ndogo. Gogo likishika ndoano moja, au mamba, utapoteza ndoano moja, si kamba nzima. Na jiwe la kuzamisha mulifunge kwa uzi dhaifu kuliko yote. Likikwama kati ya mawe, vuta: uzi wa jiwe unakatika, kamba inarudi nyumbani. Jiwe hatununui.

JARIBIO LA BIDON

Hapa ndipo ninawaomba sana. Musijaribu fundo ndani ya maji, mbele ya samaki. Mulijaribu nyumbani.

Chukueni bidon ya lita tano, muijaze maji. Lita tano za maji ni kilo tano. Tundika ndoano kwenye tawi gumu, na ufunge mwisho mwingine wa uzi kwenye mshipiko wa bidon. Acha bidon ining'inie polepole, hesabu mpaka ishirini. Uzi mzima wa milimita 0,40 unapaswa kubeba bidon hiyo bila shida. Ikianguka, angalia ncha ya uzi. Imejikunja? Fundo ni baya, funga upya. Imekatika mbali na fundo? Uzi ni mzee, uutupe. Na watoto wasikae mbele: ndoano ikiruka inaweza kuingia ndani ya jicho.

KWA NINI KOPERATIVE INAHUSIKA

Mtu mmoja anaweza kusema: hii ni kazi ya kila mvuvi, koperative inatafuta nini hapo? Nitajibu kwa yale niliyoona.

Mvuvi anayepoteza ndoano kila usiku anachoka. Akichoka, anachukua chandarua cha mbu, kile cha kulinda watoto wake, anakikokota kandokando ya mto. Pale analoba kila kitu, hata vitoto vya samaki vya urefu wa kidole. Sahani inajaa leo. Lakini vitoto vile ndivyo vingekuwa samaki wa kiangazi kinachokuja, na nyumbani watoto wanalala bila chandarua, malaria inaingia. Ndoano haifanyi hivyo. Ndoano kubwa inaacha wadogo wapite.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Moja: munanue ndoano pamoja, kwa sanduku, badala ya mbili tatu sokoni. Mukumbuke kwamba namba ikipanda, ndoano inakuwa ndogo: namba 12 ni ndogo kuliko namba 6. Mbili: uzi ubaki ndani ya nyumba, ndani ya mfuko mweusi, mbali na jua. Vipande vya zamani vikusanywe, visitupwe majini wala njiani, kwa sababu bata na kuku wanafungwa miguu navyo. Tatu: kila kikundi kichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua mafundo haya kwa mikono, na wao wafundishe wengine. Wazee wawekwe mbele. Mambo mengi niliyoandika hapa wanayajua kabla sijazaliwa.

Katika kikao kinachokuja, kila mtu aje na ndoano yake na kipande cha uzi. Bidon nitaleta mimi. Fundo litakaloanguka, tutalifungua pamoja na kulifunga tena mpaka lishike.

Kazi njema.