Usiku Ambao Bwana Harusi Ataukumbuka

Kamati ya harusi mjini Dar es Salaam hukaa vikao kwa miezi. Michango hufuatiliwa, ukumbi hulipiwa, mpishi na mshereheshaji hutafutwa mapema, na kila shughuli hupewa msimamizi na bajeti yake. Bibi harusi ana kicheni pati, ambako somo na shangazi humkalisha na kumfunda, kisha ana sendofu. Kwa upande wa bwana harusi kuna jambo moja ambalo mara nyingi halifikishwi kikaoni, nalo ni usiku wa kuaga ukapera. Huo huachiwa mpambe na marafiki wachache, nao kwa kawaida huanza na swali la kreti ngapi zitatosha.

Nia yao ni njema. Wanataka rafiki yao apate usiku ambao hatausahau. Hata hivyo kukumbuka ni kazi ya mwili kama zilivyo kuona na kusikia, na kazi hiyo ina masharti yake. Ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Hiyo ndiyo inayochukua tukio la sasa hivi na kuliandaa lihifadhiwe kwa miaka. Pombe inapopanda kwa kasi katika damu, hipokampasi huacha kuandika. Mtu huendelea kuzungumza, kucheza, hata kutoa hotuba ya kuwaliza watu, lakini kesho yake hana alichobaki nacho. Hakusahau, tukio halikuandikwa tangu mwanzo, na hakuna juhudi itakayolirudisha. Hali hiyo huwapata zaidi wanaokunywa haraka, wanaokunywa pombe kali, na wanaokunywa kabla ya kula. Kwa maneno mengine, humpata bwana harusi, ambaye kila rafiki anamnunulia glasi na ambaye hajapata muda wa kula tangu asubuhi.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa mpambe ni tarehe, na vinywaji huja baadaye. Desturi ya kuifanya sherehe hii mkesha wa harusi ni mbaya, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo halisi. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa. Bwana harusi aliyeanza saa 3 usiku na kumaliza bia sita ifikapo saa 8 usiku ameingiza gramu 120. Ini lake litahitaji saa 12 hadi 17 kuzimaliza, yaani kati ya saa 3 asubuhi na saa 8 mchana wa siku ya harusi. Akiwa mbele ya kasisi au kadhi, bado anaweza kuwa na pombe katika damu.

Mpambe mwenyewe, aliyekunywa sawa naye, ndiye atakayeshika usukani. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha miligramu 80 za kileo katika mililita 100 za damu. Mwanaume wa kilo 70 aliyekunywa bia hizo sita anaweza kuwa juu ya kikomo hicho hata saa 2 asubuhi, ingawa amelala, ameoga na amevaa suti. Kahawa chungu, maji baridi ya kuoga na supu ya pweza havimsaidii kwa hilo. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho. Ini halipokei maagizo ya mshereheshaji.

Kwa pombe kali hesabu hubadilika haraka kuliko watu wanavyodhani. Chupa ndogo ya mililita 250 yenye kileo cha asilimia 35 ina karibu gramu 70, zaidi ya bia tatu, nayo huishia mezani katika mizunguko miwili ya kutakiana heri. Sherehe ikifanyika wiki moja au mbili kabla ya harusi, chakula kikaletwa kabla ya kinywaji, na maji yakawekwa mezani bila mtu kulazimika kuyaomba, sehemu kubwa ya hatari hupungua na hakuna furaha iliyopotea.

Kuna mgeni mmoja ambaye kila mpambe anapaswa kumfikiria kabla hajafika: yule atakayelala kitini mapema. Wenzake humcheka, humpiga picha, kisha humwacha "apumzike". Hapo ndipo watu hufa kimyakimya. Pombe iliyoko tumboni huendelea kuingia katika damu baada ya glasi ya mwisho, hivyo aliyelala saa 6 anaweza kuwa amelewa zaidi saa 7. Uwezo wa kukohoa na kulinda njia ya hewa hupungua. Akitapika akiwa amelala chali, matapishi huingia mapafuni. Mtu huyo alazwe ubavu, goti la juu likiwa limekunjwa ili asirudi chali, uso ukielekea chini kidogo, na mtu asiyelewa akae naye. Asipoamka anapoitwa na kutikiswa, akipumua chini ya mara nane kwa dakika au akikaa zaidi ya sekunde kumi bila kuvuta pumzi, midomo ikibadilika kuwa ya bluu au ya kijivu, au akipata degedege, hiyo ni dharura na hospitali haisubiri asubuhi. Asipewe maziwa wala maji kwa nguvu, wala asitapishwe.

Si kila anayeonekana mlevi amelewa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anaweza kushukiwa na sukari akitoka jasho, akitetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka, huku wenzake wakidhani ni bia. Pombe yenyewe hulizuia ini lisitoe sukari ya akiba, hasa kwa asiyekula. Mwenye kifafa anaweza kuanguka kwa sababu ya kukesha tu. Mwenye selimundu huumizwa na upungufu wa maji mwilini na baridi ya ghafla, kwa hiyo mchezo wa kumtupa kwenye bwawa la kuogelea unaweza kumlaza wodini siku ya harusi yake. Mpambe hahitaji kumjua kila mmoja kwa undani. Inatosha kuwauliza wageni faraghani, siku chache kabla, kama kuna anayetumia dawa au mwenye jambo ambalo wenzake wajue. Marafiki wa miaka ishirini hugundua kwa swali hilo mambo ambayo hawakuwahi kuambiana.

Utani ni kiungo cha usiku huu na hakuna anayetaka uondolewe. Upo hata hivyo utani unaostahili kukataliwa waziwazi. Wa kwanza ni kumtupa mtu majini, iwe baharini au bwawani, usiku na akiwa amekunywa; muogeleaji hodari akilewa huchoka upesi na hupoteza mwelekeo. Wa pili ni ule wa kumwekea bwana harusi vidonge vya kuongeza nguvu za kiume katika kinywaji, au kumpa kama zawadi ya kuchekesha. Sildenafili ni dawa halisi yenye madhara halisi. Ikichanganyika na dawa za moyo za kundi la naitreti, shinikizo la damu huweza kuporomoka hadi kuua. Uume ukisimama kwa zaidi ya saa nne bila kulegea, hali ambayo wenye selimundu wana hatari nayo hata bila kidonge, tishu zake huanza kuharibika, na upasuaji huenda ukahitajika. Kumwekea mtu dawa bila yeye kujua si utani wa marafiki hata kama wote watacheka.

Kuhusu chakula, jambo ni moja. Pilau iliyopikwa mchana na kuachwa kwenye sufuria hadi saa 4 usiku huzalisha bakteria ambao spora zao hazifi kwa kuchemshwa, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Kutapika huanza ndani ya saa moja hadi sita, na lawama huangukia bia. Ipikwe jioni, iliwe ikiwa ya moto.

Usafiri ni rahisi kupanga kuliko vyote na ndio unaoahirishwa zaidi. Fedha ya kreti mbili au tatu zilizozidi mahitaji inaweza kuingia katika kukodi Coaster yenye dereva asiyekunywa, atakayempeleka kila mtu hadi mlangoni kwake. Bodaboda ya saa 9 usiku yenye abiria mlevi asiye na kofia ngumu isihesabiwe kuwa usafiri.

Wapo mabwana harusi wasiokunywa kabisa, kwa dini au kwa hiari, na mara nyingi wao ndio hupata usiku ulio bora. Ubongo huhifadhi vizuri jambo jipya, jambo lililogusa moyo, na jambo lililofuatwa na usingizi wa kutosha. Vijana wa Lamu hucheza kirumbizi, ngoma ya fimbo, katika shamrashamra za harusi, na hakuna anayehitaji kreti ili akumbuke. Marafiki wa bara wanaweza kwenda Bagamoyo mchana wakapanda ngalawa, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea maisha, au kurudi kwenye uwanja wa shule waliyosoma wakacheza mpira na vitambi vyao, kisha nyama choma. Kicheni pati pia ina la kuigwa: mtu wa kufunda. Mjomba mmoja mwenye ndoa ya miaka thelathini akipewa nusu saa kabla ya muziki, na akaachwa aseme kweli hata kuhusu afya ya mwanaume, mambo ya chumbani na fedha, huenda hayo ndiyo yatakayosimuliwa mwaka wa kumi.

Kama usiku umeisha kwa kujamiiana bila kinga, kwa hiari au kwa kulazimishwa, kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na hutumiwa kwa siku 28. Mpambe aliyeelezwa siri hiyo aende naye kituo cha afya siku hiyohiyo, na mahubiri yasubiri.

Kesho yake, kabla ya saa 6 mchana, mpambe apige simu kwa kila jina lililokuwa kwenye orodha. Wengi watalalamikia kichwa na kiu. Sikio liwe kwa yule anayelalamikia macho, hasa kama kulikuwa na gongo au chupa ya bei ya kutupa isiyo na stempu ya kodi. Methanoli hukaa kimya saa 12 hadi 24, na zaidi ikiwa imechanganywa na pombe ya kawaida. Kisha huja kichefuchefu, maumivu ya tumbo na uono wa ukungu, ambao watu huuita hangova. Inaweza kupofusha moja kwa moja, na inaweza kuua. Anayesema anaona ukungu asiambiwe alale. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa aliyoinywa, na wote walioshiriki chupa hiyo wafuate nyuma yake.