ELIMU YA MAZINGIRA ISIFUNGIWE DARASA MOJA

Wapo watu wanaodhani kwamba elimu ya mazingira ni shauri la mabwana misitu na mabingwa wa sayansi peke yao, na kwamba mwalimu wa historia, wa lugha au wa hesabu hahusiki nayo hata kidogo. Fikira hiyo sisi hatukubaliani nayo. Twaona kuwa ni fikira ya hatari, na anayeumia kwanza kwa hatari yake si tajiri mwenye kampuni, bali ni mfanyakazi na watoto wake.

Na tutazame yaliyotokea Marekani, katika bonde la Buffalo Creek, jimbo la West Virginia. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 26 Februari, 1972, bwawa lililojengwa kwa takataka za makaa ya mawe lilibomoka baada ya mvua kubwa. Maji machafu yapatayo lita milioni 500 yaliporomoka bondeni na kupita katika makazi ya wachimba makaa. Watu 125 walikufa. Katika wakazi 5,000 hivi wa bonde lile, zaidi ya 4,000 walibaki hawana nyumba. Siku nne kabla ya hapo mkaguzi wa serikali alikuwa amelitazama bwawa lile na kuliona halina kasoro. Na baada ya maafa, kampuni yenye mgodi ilisema kuwa yale yalikuwa kudra za Mwenyezi Mungu.

Basi na tujiulize: msiba ule ulikuwa wa somo gani? Bingwa wa ujenzi angeeleza kwamba rundo la takataka lisilo na njia ya kutosha ya kupunguzia maji haliwezi kuitwa bwawa. Mtu wa hesabu angeuliza ni fedha kiasi gani zilizookolewa kwa kumwaga taka pale juu ya vichwa vya watu. Mwanasheria angeuliza ni nani mwenye dhamana. Mwalimu wa lugha, pamoja na mwalimu wa dini, wangeuliza kwa nini kazi ya mikono ya watu imebandikwa jina la Mungu.

Na kwa kweli haki haikupatikana kwa elimu ya aina moja. Wanasheria waliisimamia kesi ya wakazi wapatao 600, na mwaka 1974 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 13.5. Mwaka 1976 Kai Erikson, bingwa wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Yale, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba walionusurika hawakupoteza nyumba tu, bali walipoteza na ujirani wao, nao ni mali isiyopimwa kwa mizani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Baadhi ya vyuo vya nchi ile vimeutambua ukweli huu. Chuo cha Middlebury, katika jimbo la Vermont, kilianza kufundisha shahada ya mazingira mwaka 1965, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza kufanya hivyo katika Marekani. Mwanafunzi wake hasomi sayansi peke yake. Husoma pia siasa na fasihi. Mwaka 1990, huko Talloires katika Ufaransa, wakuu wa vyuo vikuu 22 walitia sahihi azimio la kuwapatia wanafunzi wote, si wa fani moja, maarifa ya mazingira. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Northern Arizona, na mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Emory kilichoko Atlanta, viliwakusanya walimu wa masomo mbalimbali ili wasikilizane, kisha kila mmoja akarudi kuyaandika upya mafundisho yake mwenyewe. Hakuna aliyeamriwa kuacha somo lake. Aliombwa tu alitazame somo hilo akiwa amesimama juu ya ardhi.

Lakini kwetu sisi tulio chama cha wakulima na wafanyakazi, mfano unaotugusa zaidi ni Chuo cha Berea, katika jimbo la Kentucky. Kilianzishwa mwaka 1855 na John G. Fee, mhubiri aliyeupinga utumwa. Baada ya utumwa kukomeshwa, kikawafundisha weusi na weupe pamoja, mpaka sheria ya jimbo ya mwaka 1904 ilipokikataza. Na sheria hiyo ilipolegezwa mwaka 1950, kikafungua tena mlango wake. Wanafunzi wake wengi hutoka katika nyumba za watu wenye kipato kidogo, wengi wao katika milima ya Appalachia, ambako ndiko kwenye migodi ya makaa. Hawalipi karo, na kila mmoja wao hufanya kazi kwa saa zisizopungua 10 kila juma.

Chuo hicho kina shamba, na kina msitu wa ekari 9,000 hivi, ulioanza kununuliwa na kutunzwa mwishoni mwa karne ya 19. Mwanafunzi anayesoma historia aweza kukutwa shambani, na yule wa hesabu aweza kukutwa jikoni au katika karakana ya useremala. Huyo akisikia darasani habari ya rutuba au ya maji, hasikii hadithi. Mikono yake imekwisha kuishika. Twaona kuwa hapa ndipo elimu ya mazingira inapokamilika: inapoacha kuwa maneno ya kitabuni na kuwa jasho.

Twajua wako watakaopinga. Watasema kwamba mafundisho yamekwisha kujaa, na walimu wamelemewa. Twawajibu kwamba hatudai somo jipya kila mahali, bali mifano mipya katika masomo yaliyopo. Wengine watasema, jambo likiwa la kila mtu huishia kuwa si la mtu yeyote. Neno hili lina uzito, nasi twalikubali. Kwa sababu hiyo chuo hakina budi kuwa na mabingwa wenye kulishika somo hilo barabara, na wakati huohuo walimu wengine wote wapate mwanga wake. Moja bila la pili halisimami.

Hata hivyo, ndugu wanachama, hatuandiki haya ili tuige ya wageni. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, akaikemea elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya adharau jembe. Akataka shule iwe na shamba, na wanafunzi wajifunze kwa kulima, hata wayaone matunda ya akili yao na makosa yao katika udongo. Kwa hiyo mbegu hii twaijua. Yatupasa tujiulize kama tumeimwagilia. Je, mhasibu anayehitimu katika vyuo vyetu leo anajua kuuhesabia mto ulioharibiwa? Je, mwanasheria wetu aweza kuusoma mkataba wa mgodi akayaona maji ya kijiji yaliyofichika ndani yake?

Kwa hiyo twatoa rai kwamba vyuo vyetu vikuu viwaketishe walimu wa fani zote pamoja, na vyama vya wafanyakazi vialikwe katika mashauri hayo, kwa sababu mtu anayevuta vumbi la mgodi au moshi wa kiwanda anayo elimu ambayo profesa hana. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Buffalo Creek hawakupewa hata nafasi ya kuujenga huo ukuta.