Maelezo ya kubahatisha ya vitu (michezo ya video)

Maelezo ya kubahatisha ya vitu ni maandishi mafupi yanayotungwa na programu ya mchezo wa video yenyewe, bila mwandishi kuyaandika moja moja, ili kueleza kitu kilichomo ndani ya mchezo: sanamu, kisu, kiti, nguo au mchoro wa ukutani. Yamejulikana hasa kupitia michezo ya kusimamia makazi, ambamo mchezaji huangalia kundi la watu wanaojenga, kulima, kuugua na kugombana. Michezo miwili inayotajwa zaidi ni Dwarf Fortress na RimWorld. Mara nyingi maelezo haya huchekesha, ingawa programu haikuagizwa ichekeshe.

Mifano ya Kiswahili katika makala hii imetungwa kwa vitu vya mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Mwanza, kwa kuwa mtumbwi, kasia, kikapu, ndoano na wavu vinagusa ngeli nyingi zinazowasumbua waandishi wa programu za aina hii.

== Jinsi yanavyotungwa ==

Msingi wake ni sentensi yenye mapengo. Mwandishi wa mchezo huandaa kiunzi cha sentensi na orodha za maneno ya kujaza kila pengo, kisha programu huchagua neno kwa bahati. Orodha ya vitu 8, viumbe 10, matendo 12 na hisia 5 inatoa maelezo 4,800 tofauti, na mtu ameandika maneno 35 tu pamoja na kiunzi chake. Pengo moja linaweza kujazwa na kiunzi kingine chenye mapengo yake, na hicho kikabeba kingine tena, hivyo idadi hupanda haraka mno.

Programu ya namna hiyo inaweza kutoa maelezo kama haya:

: Hiki ni kikapu. Kimesukwa kwa ustadi wa hali ya juu. Pembeni kimenakshiwa picha ya sangara anayeomba msamaha. Sangara amezungukwa na dagaa. Kazi hii inakumbusha siku ambayo paa la jiko liliungua.

Sentensi ya mwisho ni ya namna tofauti na zile za mwanzo, nayo ndiyo iliyoipa michezo hii sifa yake. Haitoki kwenye orodha tupu, bali kwenye kumbukumbu ya mchezo. Programu huweka rekodi ya matukio yaliyotokea kweli katika makazi hayo, na msanii anapomaliza kazi yake, tukio mojawapo huchaguliwa liwe mada ya sanaa. Katika RimWorld mada inaweza kuwa ndoa, upasuaji, mtu aliyeshika moto, au mtu aliyetapika tu. Mchezaji ambaye paa la jiko lake liliungua kweli anaukuta msiba wake umesukwa kwenye kikapu, tena kikapu kizuri.

== Historia ==

Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko michezo ya video. Mwaka 1952 Christopher Strachey, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa mwanzo wa programu, aliifanya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester itunge barua za mapenzi kwa kuchagua maneno matamu kutoka orodha. Barua zilitiwa saini kwa herufi za kifupi cha jina la kompyuta hiyo. Zilikuwa na mahaba mengi na maana kidogo.

Dwarf Fortress ilitolewa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 2006 na ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams. Mchezaji husimamia vibete wa hadithi za Ulaya wanaochimba mlima. Kibete anaweza kushikwa na hamu isiyo ya kawaida, akajifungia karakanani na kutengeneza kitu kimoja cha pekee, ambacho mchezo hukipa jina na maelezo marefu: kimetengenezwa kwa nini, kimezungushiwa nini, kina picha ya nani akifanya nini. Picha hufuata pia mapenzi ya msanii. Kibete anayependa jibini anaweza kuchonga jibini kwenye ukuta wa jumba la mfalme. Kazi iliyopata umaarufu kuliko zote ni sanamu ya mawe ya chokaa iitwayo Planepacked, ambayo maelezo yake yalirefuka mno na kujumuisha picha 73 za sanamu hiyohiyo.

Majina ya ngome nayo hutungwa kwa kuunganisha maneno mawili kwa bahati. Ngome maarufu kuliko zote iliitwa Boatmurdered, jina linalounganisha mtumbwi na mauaji bila kusema nani alimuua nani. Mnamo Novemba 2012 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilitangaza michezo 14 ya kwanza ya mkusanyiko wake, na Dwarf Fortress ilikuwa mojawapo. Toleo la kulipia lenye picha kamili lilitoka tarehe 6 Desemba 2022.

RimWorld ilitungwa na Mkanada Tynan Sylvester na studio yake Ludeon. Ilianza kuchangiwa fedha na umma mwaka 2013, na toleo kamili lilitoka tarehe 17 Oktoba 2018. Huko wahusika ni manusura wa chombo cha anga kilichoanguka kwenye sayari ya mbali. Kila sanamu hupewa kichwa, jina la msanii na aya ya maelezo. Kitanda au silaha hupewa heshima hiyo ikiwa tu imetengenezwa kwa ubora wa juu.

== Kwa nini huchekesha ==

Sauti ya maelezo haya ni ile ya kibao cha makumbusho. Aliyetembelea Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa nje ya Mwanza, yaliyoanzishwa na padre David Clement, anaifahamu sauti hiyo: tulivu, yenye heshima, isiyocheka. Bujora sauti hiyo inastahili, maana kitu kinachoelezwa ni ngoma ya mtemi. Programu huitumia sauti ileile kwa mtu aliyetapika, kwa kuwa haina kipimo cha kujua lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Kichekesho kipo katika pengo hilo, na hupotea pale mwandishi anapojaribu kuongeza maneno ya kuchekesha kwenye orodha zake. Orodha zenye maneno ya kawaida kabisa hufanya kazi vizuri zaidi.

Hapa inafaa kutofautisha maelezo haya na vivugo vya Wahaya wa ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Kivugo nacho hukumbuka matukio na hutumia mafungu ya maneno yaliyozoeleka, lakini anayekighani anajisifu mwenyewe na anajua anachokikuza. Kikapu cha kwenye mchezo hakijui.

== Suala la ngeli ==

Michezo hii iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, lugha ambayo jina la kitu likibadilika, sentensi iliyobaki haibadiliki. Kwa Kiswahili pengo moja likijazwa, sentensi nzima inatikisika:

: Mtumbwi huu mkubwa umetengenezwa Ukerewe.
: Kasia hili kubwa limetengenezwa Ukerewe.
: Kikapu hiki kikubwa kimetengenezwa Ukerewe.
: Ndoano hii kubwa imetengenezwa Ukerewe.

Wavu hufuata mtumbwi katika umoja, lakini katika wingi vinaachana: mitumbwi hii imetengenezwa, nyavu hizi zimetengenezwa. Kivumishi nacho hubadilika kwa njia zisizotabirika kwa kuongeza silabi tu: mtumbwi mrefu, kikapu kirefu, kasia refu, ndoano ndefu. Hata neno dogo la kuunganisha, ambalo kwa Kiingereza ni moja daima, huwa la, cha, wa, ya au za. Jina la sanaa kama "Kilio cha Kasia" haliwezi kutungwa kabla programu haijajua kwamba kilio ni cha ngeli ya KI-VI.

Viumbe hai huongeza ugumu. Sangara, sato na furu yana umbo la majina ya I-ZI, lakini hufuata A-WA: sangara mkubwa amevuliwa. Kuhusu dagaa, sokoni husikika "dagaa hawa" na pia "dagaa hizi", na programu itabidi ichague upande. Neno linaloonyesha shida hii vizuri kuliko yote ni kiboko. Kiboko kirefu kimetundikwa ukutani: hapo ni fimbo ya kuchapia. Kiboko mrefu ametundikwa ukutani: hapo ni yule mnyama wa ziwani, na ukuta una kazi. Programu inayotambua ngeli kwa kutazama silabi ya kwanza peke yake itamgeuza mnyama kuwa fimbo kila siku.

Baadhi ya michezo ina nyenzo za kukabiliana na lugha zenye jinsia ya kisarufi. RimWorld, kwa mfano, humruhusu mfasiri kuandaa orodha za maneno ya kiume, ya kike na yasiyo na jinsia, jambo linaloisaidia Kifaransa au Kijerumani. Makundi matatu hayatoshi kwa Kiswahili. Kwa upande mwingine, Kiswahili hakihitaji kujua kama msanii ni mwanamume au mwanamke, kwani "ametengeneza" hutosha kwa wote wawili, na kitenzi kimoja kama "anayeombwa" hubeba kazi ambayo kwa lugha nyingine ingehitaji maneno kadhaa.

Kosa la ngeli lina madhara makubwa hapa kuliko kwenye maandishi mengine. Maelezo haya hutegemea sauti ya mtaalamu makini. "Mtumbwi hiki kimetengenezwa" inasikika kama mgeni anayejifunza lugha, na msomaji anacheka sarufi badala ya kucheka sangara anayeomba msamaha. Mchezaji wa Mwanza aliyeizoea sauti hiyo mbovu kwenye skrini hurudi kwenye Kiingereza, hata kama mzaha wenyewe unampita.

== Njia za kulitatua ==

Wafasiri wa programu za kawaida walikutana na tatizo hili mapema. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na ujumbe wowote wa kompyuta wenye pengo la jina huleta swali lilelile: kitu hiki kimefutwa, limefutwa au imefutwa?

Njia nyepesi ni kutumia vivumishi visivyobadilika, kama safi, imara, bora na maridadi. Sentensi haiharibiki, lakini baada ya nusu saa kila kitu ni imara na maridadi, na raha inakwisha. Njia ya pili ni kutanguliza neno moja lenye ngeli inayojulikana na kuliacha litawale sentensi: "Kifaa hiki, kasia, kimechongwa Ukerewe." Inasomeka kama orodha ya ghala, na kwa bahati njema ghala ni jirani wa makumbusho, kwa hiyo kichekesho kinabaki.

Njia kamili ni kuipa programu kamusi inayotaja ngeli ya kila jina na uhai wake, pamoja na kanuni za upatanisho. Kanuni hizo zimekwisha kuandikwa kwa ajili ya kompyuta: Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kutengeneza mfumo wa SALAMA wa kuchanganua Kiswahili. Kwa orodha ya mchezo mmoja kazi ni ndogo zaidi, kwani majina mia tatu yanaweza kuwekewa alama za ngeli kwa mkono katika siku chache, huku kiboko kikiandikwa mara mbili.