Kuvuja kwa Paa na Nafuu ya Mchukuzi

Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hiyo nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila mara nimewaeleza wanafunzi habari za mtu aliyetwishwa pakacha la nafaka: kila punje idondokayo njiani ni hasara kwa mwenye mali, lakini shingo ya mchukuzi hupata afueni. Sikutarajia kwamba siku moja methali hiyo ingenijia nikiwa nimeinua macho kutazama dari ya nyumba ya mawe katika mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi, huku matone ya mvua ya masika yakilia ndani ya karai.

Nyumba hiyo ni ya mwalimu mstaafu aliyenilea katika kazi hii ya chaki, nami humwita Mzee tu. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Tone la kwanza lilitua ndani ya kikombe chake cha chai. Alikisogeza kikombe bila kukatiza maneno yake, baadaye akakisogeza kiti, na mwishowe akaenda kuleta karai. Asubuhi ya pili aliitwa fundi, kijana mwenye bidii ambaye wepesi wake wa kupanda ulinitia hofu. Akatembea juu ya paa kama mtu anayetembea barabarani, na sisi tulio chini tukasikia kah! kah! kah! Alikuwa amepanda kutafuta kigae kimoja kilichopasuka, na kabla hajakifikia alikuwa amepasua vingine vitatu.

"Mzee wangu," akaita kutoka juu, "vigae hivi vimezeeka. Tuving'oe, tupige mabati, na leo jioni utalala pakavu."

"Mwanangu," Mzee akamjibu, "kigae hakijazeeka. Wewe ndiwe uliyekikanyaga. Shuka kwanza tunywe chai, nikueleze."

Ama kwa hakika, niliyoyasikia katika chai ile yalinifaa kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Kigae cha udongo cha aina hii hakipigiliwi kama bati. Kina vijino upande wa chini ambavyo hujishika kwenye papi, yaani zile fito za mbao zilizopangwa kukata makombamoyo, na kila kigae humlalia jirani yake ili maji yapite juu ya mgongo wa wote wawili. Uzito wake ndio unaokituliza. Mita moja ya mraba huchukua vigae takribani 15, na kila kimoja kina uzito wa zaidi ya kilo 2. Fundi anayeyajua haya hakanyagi kigae. Huweka ubao au ngazi ya kulaza juu ya paa ili uzito wake usambae, na akilazimika kugusa kigae huweka mguu chini kabisa, pale ambapo papi imekishikilia. Huinua kigae cha juu kwa upole, akachomoa kilichovunjika, akaingiza kipya, na kazi imekwisha. Hahitaji hata msumari.

Mzee aliendelea kusema kwamba mara nyingi si kigae kinachovuja. Ni papi iliyoliwa na mchwa ikalegea na kigae kikateleza. Ni majani yaliyoziba mfereji wa mvua mpaka maji yakarudi nyuma ukutani. Au ni mgongo wa paa, pale pande mbili zinapokutana, ambapo mtu amepaka saruji nzito. Saruji hukauka ikawa ngumu kuliko kigae chenyewe. Jua la mchana linapokitanua na baridi ya usiku kukisinyaza, kimojawapo budi kipasuke, nacho huwa kigae. Wazee wa kazi walitumia chokaa, kwa kuwa chokaa hukubali kunyumbulika kidogo. Yule kijana alisikiliza kwa makini, kikombe mkononi. Hakuna aliyewahi kumfundisha, naye hakuona haya kukiri hivyo.

Nimelieleza jambo la paa moja kwa marefu kwa sababu nia yangu hasa ni kusema juu ya jengo kubwa zaidi lililo hatua chache kutoka hapo. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa na utawala wa manispaa katika miaka ya 1940, wakati ambapo makao mengi ya Mwafrika mjini yalikuwa vyumba vya makapera, mahali pa kulaza ubavu kabla ya kurejea kazini. Kaloleni ilikuwa tofauti: nyumba za mawe zenye mapaa mekundu ya vigae, zilizokusudiwa mtu aishi na mkewe na watoto wake, zikiwa zimezunguka uwanja na ukumbi wa jamii. (Jina lenyewe lina ladha ya pwani. Wamijikenda wanaposema kulola wana maana ya kutazama.)

Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, ulifanyika mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na kongamano la Wahindi wa Afrika Mashariki. Ilikuwa haijatimia hata mwezi mmoja tangu Nairobi itangazwe kuwa jiji, tarehe 30 Machi, katika sherehe ambazo muungano wa vyama vya wafanyakazi ulikuwa umewataka watu wazisusie. Makhan Singh, katibu mkuu wa muungano huo ulioundwa mwaka 1949 chini ya urais wa Fred Kubai, alisimama na kutaka azimio la mkutano liongezwe neno: kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na mmoja ya maisha yake ilipita kizuizini.

Walimu wenzangu wa Historia wanaifundisha habari hiyo kila mwaka, na wanafunzi huikariri vyema kwa ajili ya mtihani. Basi la shule huwachukua watoto wetu hadi Mombasa kuitazama Fort Jesus, na hilo ni jambo jema. Lakini basi hilohilo hupita katika barabara ya Jogoo bila kupunguza mwendo.

Kwa nini nasisitiza vigae na sio paa lolote tu lisilovuja? Nawaomba walimu wakumbuke masomo yao ya Aprili chini ya mabati. Mvua inapoanza, mwalimu hupaza sauti. Inapozidi, huandika ubaoni. Inapovuma kabisa, huketi na darasa zima likasubiri Mungu amalize. Hakuna mkutano unaoweza kuendelea chini ya bati wakati wa masika. Waliojenga ukumbi kwa mawe na vigae walijenga mahali pa watu kusemezana na kusikilizana katika majira yote ya mwaka. Ukivitoa vigae ukatia mabati, jengo litabaki limesimama, picha yake itafanana kwa mbali na ile ya zamani, lakini litakuwa limenyang'anywa kazi yake. Kuna na suala la uzito pia. Mbao za paa la kale zilipangwa kubeba mzigo. Ukiutua mzigo huo na kuweka bati lisilofikia kilo 5 kwa mita ya mraba, basi upepo ambao zamani haukuweza kulitikisa paa sasa unaweza kulibeba, maana hakuna aliyelifunga kwa nia hiyo.

Sasa tuje kwa sheria. Katikati ya jiji ipo Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo ina sheria yake yenyewe ya mwaka 1938 ya kuilinda. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo, lakini jengo lenyewe lilikuwa na ulinzi wa kisheria. Baadaye ikaja Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, ambayo humpa waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangu hapo hakuna aliye na ruhusa ya kulibomoa au kuligeuza apendavyo. Naiheshimu sheria hiyo. Hata hivyo, yaliyomo humo zaidi ni makatazo. Humkataza mtu kubomoa; haimtumi mtu kupanda juu na kigae mkononi. Tena Katiba ya 2010 iliyagawa majukumu: makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakawekwa kwa serikali kuu, maktaba na shughuli za utamaduni zikawekwa kwa kaunti. Katika mgawanyo kama huo ni rahisi kila upande kungoja barua ya mwenzake, na mvua haingoji barua.

Hapo ndipo ninapomwona mchukuzi wa ile methali. Mpango mkuu wa jiji uliotolewa mwaka 2014 uliitaja mitaa ya Eastlands kuwa ya kujengwa upya, na ardhi ya Kaloleni, karibu na katikati ya jiji, nyumba zikiwa fupi na nyua zikiwa pana, ni ardhi inayotamanisha. Jengo lililolindwa haliwezi kuangushwa kwa tingatinga mchana kweupe. Lakini likiachwa livuje miaka kumi, papi zitaoza, boriti zitafuata, kuta zitalowa kutoka juu, kisha atakuja mhandisi mwaminifu kabisa na kuandika kwa ukweli kwamba jengo hili ni hatari kwa umma. Hakuna atakayeshtakiwa. Mwenye mali, yaani mimi nawe, atakuwa amepoteza pakacha zima, na mchukuzi atakuwa ametembea mkono mtupu akipiga mluzi.

Nisieleweke vibaya. Nairobi ina haja kubwa ya nyumba. Sisemi kwamba watu wa Kaloleni waishi milele kwa kubanana, wakiongeza vibanda vya mabati nyuani ili wana wao wapate pa kulala, eti kwa sababu wageni hupenda kupiga picha za vigae. Penye haki pajengwe, na wenyeji wawe wa kwanza kuulizwa. Ninachokataa ni kwamba uamuzi huo ufanywe na mvua kwa niaba yetu.

Wala tusidhani kwamba jina kubwa hulikinga jengo. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, imo katika Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuingiza katika turathi za dunia mwaka 2000. Sehemu ya baraza zake iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa umekwisha kuanza, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara wake, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukarabati ulikuwa umekuja, naam, lakini jengo lilikuwa limeshachoka kuungoja.

Hata hivyo, Eastlands yenyewe ina habari za kutia moyo. Tangu 2018 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na Kaunti ya Nairobi kuikarabati Maktaba ya McMillan na matawi yake mawili, la Kaloleni na la Makadara. Matawi hayo yalitengenezwa yakafunguliwa tena, na watoto wa mitaa hiyo wanasoma humo. Kazi hiyo ilihitaji mkataba, fedha za kuomba huku na huku, na watu waliokubali kushughulika na mambo madogo ya rangi, nyaya na mbao. Jambo lililowezekana katika maktaba ya Kaloleni haliwezi kushindikana katika jengo lolote lingine la mtaa huo.

Upungufu ninaouona mkubwa zaidi ni wa mikono. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipoteza paa lake kwa moto tarehe 15 Aprili 2019, na Wafaransa walipoamua kulijenga upya kwa mialoni kama zamani, walikuwa na maseremala walioweza kuchonga boriti kwa shoka, kwa kuwa kulikuwa na watu waliokuwa wameitunza elimu hiyo wakati ambapo wengine waliiona ya kizamani. Lilifunguliwa tena Desemba 2024. Sisi udongo tunao. Vigae vimefinyangwa katika viunga vya Nairobi kwa miaka mingi, hata huko Kasarani kituo cha magari kikabaki na jina la Clayworks. Mapaa ya vigae yapo Eastlands, yapo katika stesheni za zamani za reli, yapo katika shule kadhaa za mabweni. Lakini kijana anayetoka chuo cha ufundi leo anajua kukata bati na kumwaga zege, na akikutana na kigae hukikanyaga. Vyuo vyetu vingefundisha somo hili kwa muhula mmoja tu, tena juu ya paa lenyewe, kaunti ikitoa ruhusa na wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa wakisimamia, tungepata kwa wakati mmoja ukumbi mkavu na mafundi wenye kazi ya kuwalisha.

Narudi kwa Mzee. Nyuma ya mlango wake ameegemeza vigae alivyookota kila jirani alipobadilisha paa, vyote vimesafishwa na kupangwa kama vitabu rafuni. Siku ile fundi alipanda tena, safari hii kwa ubao uliolazwa, akatumia vinne. Alichukua muda mrefu, lakini hatukusikia kah! hata mara moja. Kwa malipo yake aliongezewa chai ya pili, akaomba namba ya simu ya Mzee.

Mimi nilipewa kigae kimoja nikakipeleka darasani, nikakipitisha kutoka dawati hadi dawati. Wanafunzi walikipima kwa mikono, wakaona vile vijino, wakabishana jinsi maji yapitavyo. Nikawaeleza kwamba vigae vya namna hii vilianza kutengenezwa Mangalore, huko India, mwaka 1865, na wamisionari wa Basel, kisha vikavuka bahari hadi kwetu. Halafu nikawaeleza habari za 23 Aprili 1950. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono, akauliza ukumbi wenyewe uko wapi. Niliwaomba waliowahi kuingia humo wasimame. Darasa la wanafunzi arobaini na watano, wengi wao wakiipita barabara ya Jogoo asubuhi na jioni, na hakuna aliyesimama. Tumekubaliana kwenda Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani, kwa miguu, na Mzee ameahidi kutungoja mlangoni.