Kinachomnenepesha nguruwe humuua kondoo

Katika kata ya Igamba, wilayani Mbozi, si ajabu kaya moja kuwa na kahawa, mahindi, nguruwe wawili watatu na kondoo kadhaa. Mahindi yakishavunwa pumba hazikosi, na mwenye wanakondoo huanza kuwanenepesha. Hapo kishawishi huingia: mfuko wa chakula cha nguruwe uko pale kando, kondoo naye akionja kuna ubaya gani?

Upo. Chakula cha nguruwe wadogo mara nyingi huongezwa shaba, maana hupunguza kuhara na kuharakisha ukuaji. Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi miligramu 150 katika kila kilo ya chakula cha vitoto vya nguruwe. Kwa kondoo mwisho ni 15. Ni shaba ileile iliyomo kwenye mrututu tunaopulizia kahawa. Nguruwe huitoa inapozidi, lakini ini la kondoo huilimbikiza kwa wiki, hata miezi, naye anaonekana mzima na pengine ananenepa kweli. Siku akipakiwa kwenye gari kwenda mnadani, au akilala njaa, ini huiachia yote kwa mkupuo. Chembe nyekundu za damu hupasuka, macho huwa ya njano, mkojo unafanana na chai ya rangi, na ndani ya siku chache amekufa. Mwenyewe atalaumu kupe. Majani ya chini ya kahawa iliyopuliziwa mrututu yana hatari hiyohiyo, na hata jiwe la kulamba la ng'ombe si la kumpa kondoo.

Wengine husifu antibiotiki kidogokidogo kwenye pumba. Ujanja huo ulianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kuku. Sweden iliupiga marufuku mwaka 1986 na Umoja wa Ulaya ukamaliza kuufuta mwaka 2006, kwa hofu ya vimelea sugu wanaohamia kwa binadamu. Tena kondoo humeng'enya mabua kwa msaada wa bakteria wa tumboni. Dawa hiyo inaweza kuwaua haohao wanaomlisha.

Kwangu mimi, dawa ya minyoo kwanza, kisha mashudu ya alizeti juu ya pumba, na chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa kondoo. Usipoona neno kondoo kwenye mfuko, muulize ofisa mifugo wa kata kabla hujaufungua.