Kabla ya Kununua Spika Kubwa, Tibu Chumba

Wambuti wa msitu wa Ituri wanapoimba, kila mmoja huingiza sauti yake katika pengo aliloacha mwenzake. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za pembezoni mwa msitu huo mwaka 1952, na kabla ya muongo huo kwisha mwanaanthropolojia Colin Turnbull naye alikuwa amewarekodi Wambuti. Rumba ya Kongo, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021, nayo imesukwa kwa mapengo: magitaa ya solo, mi-solo na ya kuandamana hujibizana kwa noti fupi fupi juu ya besi. Anayetaka kuusikia ususi huo nyumbani kwake Bunia, awe mtaa wa Mudzipela au wa Nyakasanza, aanze na chumba.

Kuta zinazorudisha sauti

Sebule nyingi za mjini zina kuta za matofali zilizopigwa plasta na sakafu ya saruji. Plasta na saruji hufyonza chini ya asilimia 5 ya sauti inayozifikia. Iliyobaki yote hurudi chumbani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo katika chumba cha mita 4 kwa 5 hugonga kuta, sakafu na dari zaidi ya mara 100 ndani ya sekunde moja. Noti ya kwanza haijafifia, ya pili na ya tatu zimeshaipanda mgongoni.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwanafizikia Wallace Sabine kazi ya kutibu ukumbi ambamo maneno ya mhadhiri hayakueleweka. Usiku, kukiwa kimya, aliingiza matakia ya viti na kupima muda ambao sauti ya bomba la kinanda ilichukua kufifia. Kipimo chake cha ufyonzaji kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitokea hapo hairudi. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa eneo la ufyonzaji.

Tuseme sebule yetu ina kimo cha mita 3, yaani ujazo wa mita za ujazo 60. Ikiwa tupu, ufyonzaji wake unaweza kulingana na dirisha wazi la mita 3 za mraba, na mwangwi utadumu zaidi ya sekunde 3. Ili ushuke hadi nusu sekunde, kiasi kinachofaa muziki wa nyumbani, sebule inahitaji ufyonzaji wa mita 19 hivi za mraba.

Dawa imo ndani ya nyumba

Sofa, zulia na pazia zito lenye mikunjo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Godoro kuukuu la sponji, likivikwa kitenge na kuachwa sentimita 10 kutoka ukutani, hufyonza vizuri zaidi kuliko likibanwa ukutani. Liwe mbali na mshumaa na jiko, maana sponji hushika moto upesi. Trei za mayai zisikudanganye: ni nyembamba mno, na msaada wake ni mdogo.

Mahali pa kuliweka godoro pataonyeshwa na kioo. Kaa unaposikilizia, mwenzako akisogeza kioo ukutani upande wa kushoto na wa kulia. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda kuja kwako, na ndipo pa kuanzia.

Besi ina tabia nyingine. Kati ya kuta zilizoachana mita 4, sauti ya mitetemo 43 kwa sekunde hujirudia na kuvimba, nayo iko karibu sana na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye mitetemo 41. Wimbi lake lina urefu wa mita 8, hivyo pazia haliliwezi. Toa spika kwenye kona, nawe usikae ukiwa umegusa ukuta wa nyuma. Sogeza kiti kidogo kidogo hadi kila noti ya besi isikike kwa nguvu inayokaribiana na ya wenzake.

Kelele za mvua juu ya mabati ni jambo jingine. Sponji haizizuii, kinachozipunguza ni dari nzito isiyo na matundu.

Muziki bila kumaliza mega

Chumba kikiwa tayari, unabaki muziki wenyewe. Kusikiliza mtandaoni kwa kilobiti 160 kwa sekunde hula takriban megabaiti 72 kila saa. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 200 za muziki wa kilobiti 320. Iweke kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayotumia wati chache tu ambazo betri ya paneli ya jua inazimudu. Pakia programu ya bure kama Navidrome au Jellyfin, kisha uiunganishe kompyuta hiyo na rauta. Simu yoyote iliyomo nyumbani itachagua wimbo kupitia Wi-Fi, hata intaneti ikikatika.

Chumba kikishatibiwa, hutalazimika kupandisha sauti ili kulitafuta gitaa la mi-solo. Betri itadumu zaidi, masikio yako yatapona, na jirani atalala. Fedha za spika kubwa zisubiri. Fundi wa mapazia alipwe kwanza.