Petroli Inayogonga

Mwendesha bodaboda anayepandisha vilima vya Mbooni na abiria wawili nyuma yake anaijua sauti hiyo. Injini inaanza kugonga kama chuma kinachopigwa kwa nyundo ndogo, na nguvu zinakwisha pale pale anapozihitaji. Mimi nafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Makueni. Vijana kadhaa wa bodaboda walipitia darasani kwangu, na bado huniuliza: "Mwalimu, mbona petroli ya chupa inagonga na ile ya kituoni haigongi?"

Ndani ya silinda, pistoni hukandamiza hewa iliyochanganyika na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Moto unatakiwa uanzie kwenye plagi na usambae kwa mpangilio. Mafuta duni hayasubiri. Yakibanwa na kupata joto, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe. Huko ndiko kugonga, na kukizidi, pistoni huharibika.

Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Graham Edgar alipata njia ya kupima jambo hilo. Alichukua haidrokaboni mbili. Ya kwanza, heptani, ina kaboni 7 zilizojipanga mstari mmoja, nayo hugonga vibaya, akaipa 0. Ya pili, isooktani, ina kaboni 8 na matawi, na hustahimili mgandamizo, akaipa 100. Kipimo hicho huitwa namba ya oktani: petroli yenye oktani 95 hustahimili sawa na mchanganyiko wa isooktani 95 kwa 100 na heptani 5, hata kama yenyewe imejaa haidrokaboni nyingine nyingi.

Jina kamili la isooktani ni 2,2,4-trimethilipentani, na kidato cha tatu hulitazama kwa hofu. Mimi huwapa udongo wa mfinyanzi na njiti za kiberiti. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote: kaboni 5, hiyo ni pentani. Zilizobaki ni matawi matatu ya kaboni moja moja, yaani methili tatu, ndiyo "trimethili". Sasa hesabu kutoka upande unaoyapa matawi namba ndogo. Ukianzia huku unapata 2,2,4. Ukianzia kule unapata 2,4,4. Ya kwanza ndiyo sahihi. Mtu aliyeko Kitui akilisoma jina hilo anaweza kuiunda molekuli ile ile bila kuiona ya kwetu.

Vunja sasa udongo huo, upange kaboni zote 8 kwenye mstari mmoja. Fomula haijabadilika, bado ni C₈H₁₈, lakini tabia imegeuka kabisa. Oktani hii iliyonyooka huchemka kwenye nyuzi 126 za Selsiasi, isooktani kwenye 99. Iliyonyooka huganda kwenye nyuzi 57 chini ya sifuri, isooktani kwenye 107 chini ya sifuri. Na kwenye kipimo cha Edgar, iliyonyooka huanguka chini ya 0! Hapo ndipo darasa huamka.

Kwa miongo mingi dunia ilizuia kugonga kwa njia ya mkato: kutia risasi kwenye petroli. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kenya na nchi jirani ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Bila risasi, viwanda vya kusafisha mafuta vinahitaji zaidi molekuli zenye matawi.

Kinachoniuma ni kwamba kazi hiyo yote huharibiwa na mtu mmoja mwenye jerikeni la mafuta taa, anayeyachanganya na petroli. Molekuli za mafuta taa ni ndefu, nyingi zimenyooka, na oktani yake ni ya chini mno. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Naielewa nia hiyo, lakini aliyelipa pia ni nyanya wa Mutomo anayewasha koroboi, ambaye hajawahi kuchanganya chochote.

Kwa hiyo nawafundisha vijana jaribio moja, mbali na moto wowote. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi ya daftari, uliache penye hewa. Petroli safi hukauka upesi na kuiacha karatasi ilivyokuwa. Mafuta taa huanza kuchemka kwenye nyuzi 150 hivi, hivyo hukawia na kuacha doa la mafuta. Ukiliona doa hilo, usitie mafuta hayo kwenye tangi, na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, waarifiwe yaliuzwa wapi.